Mkono wa Mbuzi

Dada Zaina,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo, kisha nikaweka kalamu chini na kungoja. Tangu nijue kusema, sijapata kukuamkia usiniitikie. Hata siku ile niliyoshuka garimoshi pale Mombo, nikitoka chuoni Kampala kwa mara ya kwanza, nikapanda mlima kwa viatu vilivyonichubua visigino mpaka nikafika nyumbani Mgwashi nachechemea, uliniitikia kwa kicheko: "Marahaba, Mzungu wa Mgwashi! Kichwa umekisomesha, mbona miguu umeisahau?" Leo salamu yangu imebaki hewani, na mimi niliyefundishwa kusema mbele ya umati sijui niitue wapi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya tuta la tatu, lile lililo chini ya migomba ya mama. Ulilichimba mwaka jana, katika wiki tano ulizokaa nyumbani, mkono wako wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kipande cha kanga. Ulilichimba kwa mkono mmoja. Siku hizohizo mimi nilikuwa nikizunguka vijijini, nikiwahutubia wanaume kwamba kuchimba matuta kwa amri ya serikali ni utumwa, na kwamba Mshambaa hatakubali tena kuinamishwa mgongo. Ulinisikiliza jioni moja ukiwa unachambua mshunga, mboga chungu uliyoipenda kuliko nyama, ukaniuliza bila kuinua macho: "Na huo mgongo ulioinama, mdogo wangu, ni wa nani? Maana huko matutani sijamwona mwanamume hata mmoja." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Maharage yameota juu ya tuta hili. Mama anayapalilia, lakini hataki yachumwe. Anasema yangoje. Hatujamwuliza yangoje nini.

Nimekuletea habari ya mdogo wetu, Mwanahamisi. Siku ya arobaini yako, Athumani mumeo alipanda kutoka Mazinde akiwa na wazee wake wawili na mbuzi dume mweusi. Hakuja kukuombea dua tu. Alikuja kuomba apewe Mwanahamisi ashike nafasi yako. Jiko, walisema, halina mwenyewe; na ukoo uliompa mke wa kwanza ndio wenye heshima ya kumpa wa pili. Mwanahamisi ana miaka kumi na sita, dada. Bado anaruka kamba na watoto wa jirani akidhani hatumwoni.

Nitakuambia lililotokea. Lakini siwezi kuanzia hapo, kwa sababu mbuzi wa namna ile nilikuwa namjua. Nilikwisha kumla mwenziwe.

Desturi ya ukoo wetu unaijua kuliko mimi, maana ilipita juu ya mgongo wako mara tatu. Mke akipigwa hukimbilia kwa baba yake. Mume hungoja hasira ishuke, hasira ya nani sijui, kisha huja na mbuzi. Wazee huketi, mbuzi huchinjwa, naye huitwa mbuzi wa kufuta machozi, ingawa sijapata kumwona mwenye machozi akipewa hata kipande. Ini hupewa baba. Shingo hupewa mjomba. Na mkono wa kuume wa mbuzi hupewa ndugu wa kiume atakayemshika mke mkono na kumrudisha kwa mumewe. Mkono kwa mkono, husema wazee, na husema kwa furaha, kama watu waliofunga mlango dhidi ya mvua. Mara mbili za kwanza aliyekurudisha ni binamu yetu mkubwa. Mara ya tatu wazee walinitazama mimi. Msomi yupo, walisema. Safari hii na tuandikiane.

Ulaghai gani unaomshinda mtu kama sifa? Wangeniamuru, labda ningekataa. Walinisifu, nikakubali. Nikatoa kalamu yangu, hii niliyonayo sasa, nikaandika hati ya sulhu. Niliipima kila sentensi. Niliisoma kwa sauti ya mjadala, ile iliyonipatia makofi Kampala, na wazee wakatikisa vichwa kwa raha. Nakumbuka kila neno, na hiyo ndiyo adhabu yangu: "Kwa kuwa pande zote mbili zimekiri makosa, na kwa kuwa ndoa ni nyumba inayosimama kwa uvumilivu, mke anarejea kwake kwa amani na heshima."

Kisha nikala. Mkono ule ulichomwa kwenye moto ulioupuliza wewe, kwa sababu mama alikuwa ameelemewa na wageni, na wewe hukujua kukaa bure. Ulinikabidhi sahani kwa mkono wako mzima. Nikasema asante, dada.

Asubuhi tukateremka. Njia ya Mazinde ni kutwa nzima, nawe ulijua kila jiwe lake. Ulikuwa na kapu kichwani. Nilitaka kulibeba, ukakataa, ukasema watu wa njiani watadhani nimekuoa mimi. Ulinitania njia nzima. Tulipofika kwenye kile kijito ambapo baridi ya mlima huishia, mahali ambapo mtu huona chini mistari ya mkonge imenyooka hadi macho yanachoka, ukasema tupumzike. Ukakaa juu ya jiwe lililo bapa. Ukanywa kwa kiganja. Kisha ukanyoosha mkono: "Hebu niione hiyo karatasi."

Kusoma nilikufundisha mimi. Ulitolewa shule darasa la pili ili mama apate msaidizi, na miaka michache baadaye, nilipopelekwa mimi, nilikuwa nakurudishia jioni yale niliyofundishwa asubuhi, kwa mkaa juu ya jiwe la kusagia. Kwa hiyo ulisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama nilivyokuonyesha. Pande. Zote. Mbili. Zimekiri. Makosa. Kidole kikasimama hapo.

"La Athumani nalijua," ukasema. "Langu ni lipi?"

Ewe dada yangu! Nilikuwa nimesoma falsafa. Nilikuwa nimesimama mbele ya walimu na wanafunzi nikathibitisha kwamba anayemtawala mwenziwe bila ridhaa yake ni mnyang'anyi, hata akimjengea barabara, hata akimwita mtoto wake. Walinibeba mabegani kwa maneno hayo. Na pale kijitoni, mbele ya mtu mmoja tu aliyengoja jibu, nilisema: "Ni lugha tu, dada. Ndivyo sulhu zinavyoandikwa."

Ulikunja karatasi mara mbili, taratibu, ukanirudishia. "Mwandiko wako umenyooka," ukasema. Ukajitwika kapu, ukatangulia.

Hukunitania tena mpaka Mazinde.

Athumani alitupokea vizuri. Hilo nalo niliseme, kwa kuwa wanaume tunapenda kudhani kwamba mpigaji ana pembe. Hana pembe. Ni nyapara katika shamba la mkonge, anaswali, anacheka na watoto, alininunulia maandazi na akaniuliza habari za masomo. Angekuwa na pembe tungemwogopa mapema. Nilikuacha mlangoni, nikampa hati, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Nilipogeuka njiani ulikuwa umesimama palepale, mkono mmoja juu ya mwimo wa mlango. Nilikupungia. Nilikuwa na haraka ya kuwahi garimoshi.

Miezi minne baadaye ililetwa simu ya maandishi chuoni, maneno matatu. Nilifika siku ya nne baada ya maziko. Walikuzika hukohuko, kando ya mkonge, mahali pasipo ukungu wala kivuli cha mgomba. Waliniambia uliteleza na debe la maji. Waliniambia ni amri ya Mungu. Mungu amesingiziwa mengi katika nyumba zetu, na kwa kuwa hajibu barazani, tunaendelea kumsingizia.

Shangazi Mwanaidi, aliyeteremka kukuosha, alinivuta nyuma ya nyumba. Unamjua, hasemi sana. "Mwanangu," alisema, "anayeteleza huanguka mara moja. Huyu ameanguka mara nyingi."

Nikaenda barazani, penye mahakama ya wenyeji, kushitaki. Nilisema kwa saa nzima, na nilisema vizuri, Mungu anisamehe, nilisikia mwenyewe kwamba nasema vizuri. Athumani hakubishana. Aliingiza mkono katika koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Karani akaisoma kwa sauti: pande zote mbili zimekiri makosa. Kisha akaniuliza kwa upole: "Mwandiko huu ni wa nani?"

Nikasema ni wangu.

Basi. Shauri lilikwisha hapo. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba fimbo iliyokuua ilikuwa na mpini mrefu, na kwamba wanaume wengi walikuwa wameushika: aliyepiga, waliopatanisha, waliokula, na mmoja aliyetia maneno mazuri. Mimi niliyekuwa nikiuliza kila siku nani aliyempa Mwingereza haki ya kututawala, sikuwahi kuuliza nani aliyetupa sisi haki ya kukurudisha.

Sasa turudi kwenye arobaini.

Dua ilipokwisha, wazee waliketi mbele ya nyumba. Mbuzi mweusi alikuwa amefungwa kwenye mti wa mpera. Nilikuwa nimeandaa hotuba, kwa kuwa habari ya ombi lao ilinifikia mapema. Niliiandika usiku na mchana kwa siku tatu, ina mifano ya mataifa na aya za vitabu. Nikapita jikoni kunywa maji. Nikamkuta Mwanahamisi amepiga magoti, mbele yake kanga zake mbili amezikunja vizuri, kitana chake juu yake, na kile kibuyu chako cha maziwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Nilimwuliza anafanya nini.

"Nangoja kuitwa, kaka," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza mvua itanyesha saa ngapi: "Nani atanisindikiza? Ni wewe tena?"

Hotuba yangu ilikufa pale, dada. Ilikufa yote, na mataifa yake.

Nilitoka nje nikasimama katikati ya wazee bila kuombwa. Mjomba Salehe akanikemea palepale: "Kaa chini, mbwanga, kijana mdogo wewe! Kampala wamekufundisha suruali, hawajakufundisha ukoo." Wakacheka. Nikangoja wacheke mpaka wamalize. Kisha nikasema mambo machache, na sauti yangu haikuwa nzuri. Ilikatika kila mahali. Nilisema: mimi nilikula mkono. Mwaka jana, hapa, dada yangu akipuliza moto kwa mkono mmoja, nilikula mkono wa mbuzi nikaulamba na mfupa, kisha nikamshika nikampeleka akauawe. Nilisema: Mjomba, wewe ulikula shingo. Nikamgeukia kila mmoja, kwa heshima, kwa jina lake, nikataja kipande chake. Niliwauliza kama kuna hata mmoja kati yetu aliyemwuliza Zaina neno lolote siku ile zaidi ya kumwambia aongeze kuni.

Mjomba alisimama akasema ameitwa mwuaji na mtoto aliyembeba mgongoni, na kwamba hatakanyaga tena nyumba hii. Wazee wa Mazinde walisema tumewavunjia heshima. Athumani alitazama chini tu. Ndipo Shangazi Mwanaidi akatokea mlangoni, mahali ambapo mwanamke hasimami wakati wanaume wameketi, akalirudia lile neno lake moja, lote, mbele yao: anayeteleza huanguka mara moja. Akabaki amesimama. Hakuna aliyemwambia aingie ndani.

Nikamtazama baba. Unamjua baba. Nilidhani atanilaani. Alikuwa akitazama mikono yake, anaigeuza, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mimi nilikula ini," akasema. "Mara tatu."

Halafu akasema, "Mfungueni huyo mbuzi."

Tangu siku hiyo hali vizuri. Akiitwa kula hujibu ameshiba. Jana nilimwona amesimama mbele ya jiwe la kusagia, bakora mkononi, haendi wala harudi.

Kesho yake, baada ya alfajiri, nilimshika mbuzi kamba nikamrudisha Mazinde. Nilitaka nitembee njia ileile. Alikuwa mkaidi, alijitupa chini mara mbili, watu wa njiani wakanicheka, mmoja akaniuliza kama huko chuoni ndiko wanakofundisha uchungaji. Nikatamani ungekuwepo umjibu. Kijitoni alikunywa maji, nami nikakaa juu ya jiwe lako mpaka jua likahama. Sikulia kama nilivyodhani nitalia. Nilikuwa naona kidole chako kimesimama chini ya neno.

Athumani nilimkuta barazani kwake anacheza bao na manyapara wenzake. Nikamfunga mbuzi kwenye mwimo wa mlango, ule ulioushika. Nikasema mbele yao wote: "Mbuzi wako huyu. Hajafuta machozi ya mtu." Nikaomba anirudishie karatasi yangu. Alicheka kidogo, cheko la mtu anayetazama pembeni. "Ya nini? Si uliiandika mwenyewe? Hiyo ni kinga yangu." Wenzake hawakucheka. Mmoja, mzee wa kutoka mbali mwenye vidole vilivyokatwa na mkonge, aliziacha kete akaondoka bila kuaga. Ni mmoja tu, dada. Sikudanganyi kwamba ni zaidi.

Kwa hiyo karatasi iko kwake. Sijaweza kuitoa. Ataionyesha kwa baba mwingine, katika kijiji kingine ambako hawatujui, na mwandiko wangu ulionyooka utamwombea. Hilo sitalisahau nikiwa macho, na nikilala naliota.

Nilikuja kaburini kwako kabla ya kupanda. Niling'oa majani. Nilikuwa nimekuletea mshunga kutoka kwenye tuta lako, nikauona umenyauka kwa joto la njiani, nikauweka hivyohivyo.

Nimeandika hati nyingine. Ni fupi, haina pambo, na nimeiandika kwa mkono uleule: "Upande mmoja ulipiga. Upande mmoja ulipigwa. Upande wa tatu, nami nikiwamo, ulikula nyama." Nimeweka jina langu chini yake. Baba ameomba aisikie, nikamsomea, akachovya kidole katika wino akaweka alama yake kando ya jina langu. Mjomba Salehe ameitiwa, hajaja.

Ahadi yangu ni hii. Nitaisoma hati hii kila mahali nitakapomkuta mbuzi wa aina ile amefungwa, katika milima hii na chini yake, na nitaanza na wale vijana walionibeba mabegani Kampala, maana makofi yao hayana uzito mpaka wataje vipande walivyokula makwao. Tutakaposimama kudai uhuru, na tutasimama, nitawauliza kwanza nyumbani wamemfunga nani. Wakinifukuza jukwaani, nitasema nikiwa chini. Na mkono huu hautamshika mwanamke yeyote kumrudisha asikotaka kurudi, hata akiwa binti yangu, hata dunia nzima ikiniita mvunja ukoo.

Mwanahamisi amezikunjua kanga zake. Naziona kutoka hapa, zimeanikwa kwenye ua, moja imepeperushwa na upepo imenasa kwenye mpera. Jioni namsomesha kwa mkaa juu ya jiwe lilelile. Anasoma upesi kuliko wewe, ila ana tabia yako: akifika kwenye neno asiloliamini, kidole husimama.

Ukungu unashuka, dada, na wino unaanza kuvuja kwenye karatasi. Nakuaga. Lala mahali hapo pa joto mpaka tupate njia ya kukuletea kivuli. Nitateremka na mche wa mgomba wa mama mvua zikianza. Na lile swali lako la kijitoni, ulilouliza mara moja tu ukaninyamazia, nalijibu leo, nimechelewa, bila lugha yoyote.

Hukuwa na kosa.

Mdogo wako,
Hamza